Mbuyu si mti wa porini

Kuna maneno mawili yananiudhi kila nikiyakuta kwenye pakiti za unga wa ubuyu zinazouzwa Ulaya na Marekani: "umevunwa porini". Rafiki zangu walioko huko huniletea pakiti hizo kama mzaha, yaani mtu wa Kongwa anapelekewa ubuyu kutoka Berlin, nami huzipokea, huzigeuza, husoma nyuma. Picha huwa ileile. Mbuyu mmoja, jua linazama nyuma yake, hakuna nyumba, hakuna mbuzi, hakuna njia ya miguu. Hakuna mtu.

Kitaalamu hawajakosea. Mbuyu hatuupandi kwa safu, hatuutilii mbolea, hatuumwagilii. Ukiota umeota. Lakini mimi nimekulia Ugogo, na sijawahi kuona mbuyu mkubwa usiokuwa na njia iliyochakaa chini yake. Kadiri ninavyosoma historia ya mti huu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba neno "porini" limebeba mambo mengi kuliko tunavyodhani, na kwamba waliotumia neno hilo mara nyingi walikuwa njiani kuuchukua mti wenyewe, au ardhi iliyo chini yake.

Tuanze na lugha, maana wasomaji wa hapa ndiyo mboga yetu. Mti ni mbuyu, tunda lake ni buyu, na ule unga mweupe mkavu uliogandia mbegu ndani ya buyu ni ubuyu. Mzizi mmoja, vitu vitatu. Ganda la buyu lilikuwa chombo cha kuchotea maji kisimani, na kidogo chake, kibuyu, tumekipa hata chombo kinachotokana na mmea mwingine kabisa unaotambaa ardhini. Halafu njoo kwenye misemo. Mtu akianza biashara ya genge tunamtia moyo kwamba hata mbuyu ulianza kama mchicha. Mtu akikwepa kusema jambo moja kwa moja tunamwambia aache kuzunguka mbuyu, na wengine wakisema "tuzunguke mbuyu" wana maana ya kupeana kitu kidogo mahali ambapo macho ya watu hayafiki. Kwa unene wa mti wenyewe, sehemu hiyo ipo. Na Dar es Salaam siku hizi ubuyu ni umbea: "nina ubuyu wa moto", na mtu anavuta kiti karibu. Aliyebuni msemo huo alijua utamu wa kumumunya mbegu moja ukiwa tayari umeshaishika ya pili.

Kuna miti tunayoithamini kwa pesa kuliko mbuyu. Mninga tunalalia, mpingo tunachonga, mvule tunajengea. Lakini ni mti gani mwingine umetupatia neno la rushwa, neno la umbea na neno la kumtia moyo mwenye mtaji mdogo? Lugha haifanyi hivyo kwa mti wa mbali.

Nayo ramani inasema hivyohivyo. Ruaha Mbuyuni, pale basi za Iringa zinaposimama watu wanunue vitunguu. Soko la Mbuyuni, Moshi. Mbuyuni ya Taita, ambako Waingereza waliwashambulia Wajerumani Julai 1915. Kila mkoa wa nyanda kavu una Mbuyuni yake, na majirani zetu wana majina yao ya mti huohuo: Wagogo tunauita mpela, Wakamba mwamba, Wamasai olmesera.

Nimetaja tunda, sasa nije kwenye gome, kwa sababu hapo ndipo mbuyu unapoachana na miti mingine. Miti mingi ukiibandua gome kuzunguka shina lote, umeiua. Njia za chakula zinapita humo. Mbuyu hapana. Unaubandua, unaacha sehemu ya ndani ikiwa nyevu na laini, na taratibu gome jipya linajifunga juu ya jeraha. Ndiyo maana ukipita vijiji vya Kongwa na Mpwapwa utaona mibuyu iliyonyooka juu lakini kiunoni ina mikunjo na makovu kama kitambaa kilichoshonwa mara nyingi. Ni makovu ya kamba. Nyuzi za gome zilifunga mizinga, mazizi na mizigo, na kwa Wakamba zilisokotwa kuwa vikapu, miaka mingi kabla ya katani na nailoni kuchukua nafasi.

Na lilikuwa dawa. Bibi yangu mzaa baba alichemsha vipande vya gome la mbuyu mtu akiwa na homa, akatoa maji mekundu machungu, akakusimamia mpaka unywe. Kwa tumbo la kuendesha alitoa ubuyu wenyewe, umekorogwa kwenye maji. Sisemi gome linatibu malaria. Anayetetemeka aende akapime, dawa zipo. Ninachosema ni kwamba ujuzi huo haukuwa wa bibi yangu peke yake, na Wazungu walioandika habari za mbuyu walikutana nao tangu siku ya kwanza.

Siku ya kwanza yenyewe haikuwa porini. Mwaka 1592 daktari Mtaliano, Prospero Alpini, alichapisha kitabu chake kuhusu mimea ya Misri, na humo akaeleza tunda aliloliona Cairo, akiliita "ba hobab". Alieleza pia jinsi unga wake ulivyotumika kwa wenye homa. Cairo hakuna mibuyu. Tunda lile lilikuwa limesafirishwa, limeuzwa, limefika kwenye maduka ya dawa. Kwa maneno mengine, sayansi ya Ulaya ililijua kwanza tunda la mbuyu kama bidhaa ya sokoni, likiwa na wachumaji wake na wachuuzi wake, na neno baobab linalotumika leo kwenye kila pakiti limetokana na lugha ya soko hilo.

Karne mbili na zaidi kabla yake, mwaka 1352, Ibn Battuta alikuwa akisafiri kwenda Mali. Njiani aliona miti minene yenye mashina yenye uwazi, na ndani ya mmoja akamkuta mfumaji ameweka kitanda chake cha kufumia, anafanya kazi. Alistaajabu. Msafiri huyuhuyu alikuwa amepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na kumbukumbu zake za Mombasa zimejaa ndizi, samaki na tunda analoliita jammun. Kwetu alikumbuka matunda, Mali alikumbuka mti uliogeuzwa karakana.

Mfaransa Michel Adanson alifika Senegal mwaka 1749 akiwa kijana wa miaka 22. Karibu na Saint-Louis alipelekwa kuona mti mkubwa ambao Wawolof waliuita gouye, akaupima kwa mikono yake akiwa haamini. Kwenye visiwa vya Madeleine, mbele ya Dakar, akakuta mibuyu iliyochongwa majina ya mabaharia Wazungu wa karne zilizotangulia, akatumia makovu hayo kukadiria umri wa miti. Akapata zaidi ya miaka 5,000. Hesabu ilimponyoka, kwa sababu mbuyu haunenepi kwa mwendo mmoja. Vipimo vya kaboni vya siku zetu vinaonyesha kwamba mibuyu mikongwe kabisa iliyopimwa ilikuwa na kama miaka 2,000 au kidogo zaidi. Lakini Adanson aliandika pia jinsi Wasenegali walivyokausha majani wakayasaga wakatia kwenye chakula, na jinsi yeye mwenyewe alivyokunywa maji ya majani hayo kujikinga na homa zilizokuwa zikiwalaza wenzake. Aliamini yamemsaidia. Linnaeus akaupa mti jina Adansonia, yaani mti wa Adanson. Waliomfundisha kuunywa hawamo kwenye jina.

Kutoka hapo gome likaanza safari yake. Mibuyu ilishavuka Atlantiki hadi visiwa vya Karibi katika zama za biashara ya watumwa, na katikati ya karne ya 19 daktari mmoja wa Guadeloupe, Duchassaing, alilipendekeza gome la mbuyu litumike kwa homa za vipindi mahali pa kwinini, iliyokuwa ghali. Likaingia kwenye vitabu vya dawa vya Ulaya na Marekani. Halikudumu, kwinini ilishinda, na kwa haki.

Hapo pana jambo ambalo hunijia kila nikisoma habari za akina Livingstone. Mary, mke wa David, alifariki kwa homa tarehe 27 Aprili 1862 huko Shupanga, kando ya Zambezi, katika nchi ambayo sasa ni Msumbiji. Mumewe alikuwa mtaalamu wa vidonge vya kwinini alivyovichanganya mwenyewe, na safari hii havikufaa. Akamzika chini ya mbuyu. Wakati huohuo kulikuwa na vitabu Ulaya vilivyoandika gome la mti huo kama dawa ya homa. Sidhani lingemwokoa. Lakini mbuyu ule wa Shupanga, kwenye vitabu vya safari, umebaki kuwa kivuli tu, kitu cha kusimama juu ya kaburi.

Ikiwa karne ya 19 iliufanya mbuyu kivuli, karne ya 20 iliufanya adui. Mwaka 1943 Antoine de Saint-Exupéry alichapisha kitabu chake kidogo kuhusu mwana wa mfalme anayeishi kwenye sayari ndogo kama nyumba. Kimefasiriwa kwa lugha nyingi sana, na Kiswahili kimo. Wengi tunakipenda, na mimi nimo. Ila humo, hatari kubwa kuliko zote kwenye sayari ile ni mibuyu. Inaanza midogo (tazama, mchicha wetu huo!), inafanana na waridi, na usipoing'oa kila asubuhi itapasua sayari nzima kwa mizizi. Wachambuzi wengi wamesema mibuyu ile ni Unazi, na mwaka 1943 maelezo hayo yana mantiki. Lakini mtoto wa Kigogo akikisoma anafanyaje? Kwake mbuyu ukianza kama mchicha ni habari njema. Kwenye kitabu ni jambo la kuwahi na jembe. Mwandishi alikuwa rubani, aliiona Afrika Magharibi kutoka juu, na kutoka juu mbuyu ni mdudu mwenye miguu mingi. Ukiwa chini yake, umeketi, unapasua buyu kwa jiwe, ni kitu kingine.

Kuiona nchi kutoka juu ndiko kulikotuletea balaa la Kongwa miaka mitatu baadaye. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Frank Samuel wa United Africa Company akaja na wazo la kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika, na serikali ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukague nchi. Ujumbe ulikaa wiki 9, sehemu kubwa ya safari zake ikiwa kwa ndege. Ukarudi na mpango wa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, kwa kuanzia na Kongwa. Ardhi ilihesabiwa kuwa karibu tupu. Pori.

Ngoja kidogo hapo. Pori lile lilikuwa limetoka kuzika watu. Kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kupokezana kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, Ugogo ulikumbwa na njaa ambayo wazee waliiita Mtunya, yaani kunyang'anyana. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza kwa kina, anakadiria ilichukua watu 30,000 katika nchi yenye watu 150,000. Mmoja kati ya watano. Kwetu inasimuliwa kwamba waliobaki walibaki kwa mizizi, kwa majani na kwa mabuyu, na kwamba kuna mibuyu iliyopigwa mawe mpaka vitawi vya juu, kwa sababu buyu la mwisho linaning'inia mbali. Nafasi aliyoiona Wakefield kutoka dirisha la ndege, kwa sehemu fulani, ilikuwa nafasi ya watu waliokufa, na miti iliyosimama katikati yake ilikuwa ndiyo ghala lao.

Basi mwaka 1947 mashine zikaja. Matrekta mengi yalikuwa masalia ya vita, mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman. Vichaka vilikuwa vigumu, ardhi ikikauka iligeuka kama saruji, mvua ikakosa ratiba waliyopangiwa London. Na mibuyu ikawa kichekesho. Mmoja ulikuwa jela ya kijiji: shina lenye uwazi, mtu anafungiwa humo mpaka shauri lisikilizwe. Mwingine ulikuwa mahali pa matambiko, na watu hawakutaka uguswe. Mingine mingi ilikuwa na nyuki, na nyuki hawakuwa wamesoma mpango. Madereva walipelekwa hospitali wamevimba. Babu yangu alikuwa kijana wa kazi kwenye mradi huo, na katika hadithi zake zote za Kongwa, ya dereva anayeruka kutoka kwenye trekta linalotembea ndiyo aliyoisimulia vizuri zaidi. Alikuwa akisimama kabisa kuigiza.

Nimesoma maelezo ya mradi ule mara nyingi, na habari za mibuyu huwekwa kila mara kama kichekesho cha pembeni, pamoja na vifaru na nyuki. Mimi naona ndiyo ripoti pekee sahihi ya ukaguzi iliyowahi kufanyika pale. Jela, hekalu, mizinga: mahakama, dini na uchumi, vyote ndani ya miti ambayo kwenye ramani ilikuwa vikwazo vya kuondoa. Ukikuta gereza ndani ya mti, hauko porini. Uko mjini, ila mji wa aina usiyoijua.

Januari 1951 mradi ulifutwa. Pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda, na mbegu za karanga zilizonunuliwa zilizidi karanga zilizovunwa. Kongwa baadaye ilipata kazi ya maana kuliko karanga: kuanzia miaka ya 1960 wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na vyama vingine waliweka kambi pale. Mibuyu mingi iliyoshinda matrekta bado ipo, na ubuyu wake mnaununua sokoni Dodoma.

Pwani nako mti huu umekuwa shahidi wa makazi, na kwa namna iliyo wazi zaidi. Wanaakiolojia wa mwambao wamezoea kwamba mkusanyiko wa mibuyu mizee mara nyingi unakaa juu au kando ya mji uliokufa. Sababu haina uchawi. Watu wanakula ubuyu, wanatema mbegu, wanatupa takataka mahali pamoja, mbegu inakuta mbolea. Watu wanahama au wanauawa, nyumba za udongo zinayeyuka, mibuyu inabaki. Mombasa, upande wa kusini wa kisiwa karibu na kivuko cha Likoni, mibuyu ya Mama Ngina iko mahali ambapo palikuwa na mji wa Tuaka, uliochorwa kwenye ramani za Wareno za karne ya 17. Leo watu wanapunga upepo pale, wanakula mihogo ya kukaanga, watoto wanapanda mizizi. Pale Mbaraki, mnara wa zamani nao umezungukwa na mibuyu. Matofali na matumbawe tunayaita urithi, tunayawekea uzio na kibao. Mibuyu tunaiita mandhari.

Mbegu hazikuishia ufukweni. Dhofar, kusini mwa Oman, ipo mibuyu. India ipo mingi, Gujarat hadi Mandu katika jimbo la Madhya Pradesh, na wataalamu waliochunguza vinasaba vyake walikuta ukoo wake unarudi bara la Afrika, sehemu yake kwenye mwambao wetu na wa Msumbiji. Mbegu ya mbuyu haielei kutoka Kilwa hadi Gujarat na kupanda mlima hadi Mandu. Ilibebwa. Imebebwa mifukoni na kwenye magunia na mabaharia, wafanyabiashara, askari na watumwa wa Kihabeshi na wa Kizanji, watu ambao vitabu vya wafalme wa India viliwataja kwa uchache. Mandu wanaliuza buyu barabarani na kuliita kwaju la Mandu. Huo ni mti wa porini wa aina gani, unaosafiri kwa jahazi?

Nimefika kwenye sehemu ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula kipya. Neno lao ni hilo, kipya. Marekani ikafuata mwaka 2009. Toka hapo ubuyu ukawa dawa ya kila kitu, ngozi, tumbo, kinga ya mwili. Vitamini C yake kweli ni mara kadhaa ya ile ya chungwa. Sina ugomvi na biashara hiyo. Wanawake wanaookota mabuyu wanahitaji wanunuzi, na mnunuzi wa tunda anauacha mti umesimama.

Mnunuzi wa mti ni habari nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2022 zilisambaa picha kutoka Kilifi, Kenya: mibuyu imechimbwa, imekatwa matawi, mizizi imefungwa, inasubiri kuvutwa kwenda melini. Ilikuwa mibuyu 8, na iliripotiwa kwamba safari yake ni Georgia, kwenye bustani ya Shekvetili kando ya Bahari Nyeusi, iliyoanzishwa na tajiri Bidzina Ivanishvili, mtu aliyewahi kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo. Alikuwa na tabia hiyo hata kwao. Filamu ya Salomé Jashi ya mwaka 2021, Taming the Garden, inaonyesha miti mikubwa ya wanavijiji wa Georgia ikipakiwa kwenye majahazi, wenyewe wakitazama. Wakulima wa Kilifi, kwa ripoti za wakati ule, walilipwa kati ya shilingi 100,000 na 300,000 za Kenya kwa mti.

Watu wa mijini waliwatukana wakulima hao mitandaoni, na hapo ndipo nilipokasirika. Mtu ana ekari mbili, ada ya shule, na mti unaokalia nafasi ya mahindi. Serikali, shule na vipindi vya kilimo vimemwambia maisha yake yote kwamba mbuyu si zao. Hauna bwana shamba wake, hauna mkopo, hauandikwi kwenye thamani ya shamba. Ni mti wa porini ulioota kwake kwa bahati. Anakuja mtu na pesa taslimu kwa kitu ambacho kila mwenye cheo amemwambia hakina bei. Ungefanya nini?

Novemba ile Rais William Ruto aliagiza wizara ya mazingira ichunguze kama kibali kilifuata mkataba wa bayoanuwai na Itifaki ya Nagoya, akisema lazima pawe na mgawanyo wa haki wa faida kwa Wakenya. Kibali kikasemwa kilipatikana isivyo sawa. Nakubaliana na agizo. Ila tazama namna swali lilivyoulizwa: faida za mti zigawanywe vipi baada ya kuondoka. Itifaki hiyo inahesabu vinasaba. Haina kisanduku cha kujaza kivuli cha mkutano, wala gome la kamba, wala popo wanaokuja usiku ua likifunguka na bila wao hakuna buyu hata moja kwenye mti wa jirani. Miaka hiyohiyo, India, wanakijiji wa wilaya ya Dhar walikuwa wakipinga mibuyu yao ing'olewe kupelekwa Hyderabad. Miti iliyobebwa na Waafrika ikiwa mbegu, sasa inabebwa tena ikiwa mizima.

Na haya yanatokea wakati mibuyu yenyewe iko taabani. Mwaka 2018 watafiti waliandika katika jarida la Nature Plants kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote waliyokuwa wameipima, 9 ilikuwa imekufa au kuanguka kwa sehemu ndani ya miaka 12 iliyotangulia. Walishuku mabadiliko ya tabianchi. Mingi ilikuwa kusini mwa Afrika, si kwetu. Mibuyu yetu inakabiliwa na kitu cha kawaida zaidi: mbuzi anakula mche, na mwenye kiwanja anaita mashine.

Dodoma inapanuka kila siku, viwanja vinapimwa hadi njia ya Kongwa. Mwaka jana nilikwenda nyumbani kwa msiba, na jioni moja nikamuuliza shangazi yangu habari za mibuyu mitatu iliyo ng'ambo ya korongo, ambayo mpima viwanja alikuwa ameipaka alama nyekundu. Nilitaka kujua ni ya nani. Shangazi alinishangaa kama mtu aliyeuliza ng'ombe wa zizini ni wa nani. Wa kwanza ni wa watoto wa marehemu Chilongola, ndio wanaouangua. Wa pili ni wake yeye, alirithi kwa mama yake, na gome lake haruhusu mtu alibandue mpaka kovu la upande ule lijifunge. Wa tatu una ugomvi, familia mbili zinaudai, na kesi iko kwa mwenyekiti wa kijiji tangu kabla ya corona.